Wilbaro ya Baba Mkwe

Haya, sogeeni! Mwenye chai akunywe, mwenye masikio afungue. Leo nawaambia vile baba mkwe wangu alinivuta kama plau.

Nilikuwa nimepita arobaini, na mimba tatu zilikuwa zimetoka, moja nyuma ya ingine. Ya nne ikaingia. Watu wangu, niliogopa! Nilikuwa natembeanga kama nimebeba trei ya mayai kwa kichwa na ingine kwa tumbo. Hata kukohoa nilikohoa kwa adabu. Kila nikienda choo nilifunga macho, nikaomba Mungu, ndio nikaangalia kama kuna damu. Jina sikumpangia. Wale watatu nilikuwa nimewapangia.

Daktari aliniambia si uchawi, si kuni nilibeba. "Mama, umri ukienda, mayai ya mwanamke nayo yanazeeka. Mengine yanashika vibaya tangu mwanzo. Hukukosea kitu." Kichwa kilielewa. Tumbo likakataa.

Sasa asubuhi moja niko jikoni, bwana yangu ameenda kazi Bukura, nikaona damu. Kidogo tu, lakini kwa macho yangu ilikuwa mto Isiukhu umefurika. Nikakaa chini mlangoni. Hapo nje kulikuwa na mtu mmoja tu: baba mkwe, anakamua ng'ombe.

Mnajua kwetu: baba mkwe na mke wa mtoto wake hawashikani mkono, hawaangaliani uso. Tangu niolewe, mimi na yeye tuliongeanga kupitia kwa ng'ombe.

"Ng'ombe," nikasema nikilia, "ambia mzee nimeona damu."

Ndoo ikaanguka. "Ng'ombe, ambia huyo mama asisimame!"

Akaleta wilbaro, akatandika blanketi, akageuka nyuma mpaka nikapanda. Kusukuma? Si ataniona uso! Akaingia katikati ya mishikio, akanipa mgongo, akavuta mpaka kliniki kule Shieywe. Mzee wa miaka mia mbili! Watu waliacha obusuma, ugali wetu, ikiungua jikoni wakuje kutuangalia. Mimi sikucheka. Nilishika tumbo na mikono mbili, nikisema, "Kaa. Kaa. Kaa."

Nesi akanipaka mafuta baridi, akaweka kwa tumbo kale kamashine ka kusikiza moyo wa mtoto. Kimya. Akasogeza. Kimya. Baba mkwe alikuwa amesimama nje ya dirisha, mgongo kwetu, kofia mkononi.

Halafu ikaanza: ndu-ndu-ndu-ndu, kama mashine ya kusaga mahindi Lumakanda wakati wa mavuno!

"Moyo unapiga," nesi akasema. "Lakini hatujavuka. Utalala hapa tukuangalie."

Mzee ndiye aliruka. Akasahau ng'ombe, akasahau mila, akaingiza kichwa chote kwa dirisha, akapigia tumbo langu kelele:

"Wewe mtoto, punguza mbio! Hatujakuita bado!"