Kifuniko cha Sanduku la Risasi

Wino wetu ulinukia moshi na utomvu wa mti. Mama alikwangua masizi kwenye tako la chungu, akayakoroga na gundi ya mgunga. Kwetu Dranya, upande wa Koboko, hata majivu ya jikoni yalikuwa na kazi yake shambani. Msimu ule wa mvua za kwanza nilitamani jambo moja tu: kuingia chuo cha Kurani pamoja na wenzangu. Mwalimu hakumpokea mtoto asiye na ubao wa kuandikia, na nyumbani hapakuwa na mbao. Ijumaa, siku ya kupokea wanafunzi wapya, ikipita nikiwa mikono mitupu, ningengoja hadi baada ya mavuno.

Babu, askari mstaafu, alikuwa na sanduku kuukuu la jeshi, na ndani yake kuku mwekundu alikuwa akilalia mayai. Mama akakitazama kifuniko. “Baba, hii mbao iko na kazi gani?” Babu akajibu, “Iko linda kuku.” “Kuku iko na mdomo, atajilinda. Mutoto hana ubao!” Babu akacheka mpaka akakohoa, kisha akang’oa bawaba mwenyewe. Nilikisugua kifuniko kwa mchanga, lakini maandishi meupe ya Kizungu yaligoma kutoka. Ijumaa Mwalimu, ambaye naye aliwahi kuvaa sare za jeshi, aliyasoma akaangua kicheko. “Unajua imeandikwa nini hapa? ‘Risasi. Weka mbali na moto!’” Wenzangu wakacheka, nami machozi yakanilengalenga, nikidhani ninafukuzwa. Akaniwekea mkono kichwani. “Usifute, binti yangu. Soma Kurani juu ya hii maneno, na Mungu atakuweka mbali na moto.” Akachovya kalamu ya tete katika wino wa Mama, akaniandikia Bismillahi.

Wahenga walisema usitupe mbachao kwa msala upitao. Zamani umaskini ulitufundisha kutotupa. Leo, alhamdulillahi, tuna vitu tele, na lundo la taka nyuma ya soko hukua upesi kuliko mihogo. Sasa naishi Pajulu, karibu na mji wa Arua. Juzi mjukuu wangu Zubeda alirundika chupa na mifuko ya plastiki nyuma ya nyumba, kiberiti mkononi. Sikumkaripia. Nilimletea ubao wangu, nikamwomba anisomee yale maandishi meupe, maana yeye Kiingereza anakijua. Akasoma polepole, akatazama kiberiti chake, akacheka kama Mwalimu. Chupa tumeziosha, zinangoja mafuta ya simsim. “Na mifuko je, Bibi?” aliuliza. Tumeikata nyuzi nyuzi, tunaisuka. Zubeda amechagua kitu cha kusuka, nami nimekubali kwa furaha: msala.