Nilivyosoma Katikati ya Kitabu cha Uchina

Ninaikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile Bibi Elna alipochukua kisu chake cha mkate akakikata kitabu vipande vitatu. Nilishtuka. Sisi tuliokulia shule za misheni tulifundishwa kunawa mikono kabla ya kushika kitabu, na huyu mama wa Kizungu, mwenye nywele nyeupe na miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa anapasua mgongo wa kitabu juu ya meza ya jikoni kama anayegawa mkate wa chai.

"Mwalimu, usiniangalie hivyo," akaniambia. "Kitabu ni kimoja, ninyi ni wawili, na mimi naenda kwetu likizo. Mkingojana, mmoja atasoma na mwingine atazeeka."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, kwenye kituo cha misheni upande wa Iringa, katika vilima ambako ukungu hauondoki mpaka saa nne. Bibi Elna alikuwa ameishi Uchina miaka mingi akifundisha wakunga. Mambo ya nchi ile yalipogeuka, wamisionari wakatakiwa kuondoka, naye akaletwa kwetu. Alikuja na sanduku moja la nguo na mawili ya vitabu, karibu vyote vya habari za Uchina wa siku hizo: wakulima, njaa, vita na Wajapani, wasichana waliofungwa miguu isikue, vijana waliotaka nchi mpya. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, najua Kiingereza cha kutosha kujivuna. Nilipoazima kitabu cha kwanza nikaona kwamba mkulima wa kule naye anaogopa mvua ya mawe na mkusanya kodi, nikanaswa.

Rafiki yangu Ambakisye alikuwa na kiu ileile. Tulisoma pamoja chuo cha ualimu. Yeye Mnyakyusa, mimi Mbena. Yeye mrefu, mcheshi, na akiimba sauti ya chini madirisha yanatetemeka. Alikuwa akifundisha karibu na Mbeya, safari ya kutwa nzima kwa basi. Basi Bibi Elna akatugawia: sehemu ya kwanza ya kitabu akampelekea Ambakisye, ya pili akanipa mimi, na tukimaliza tubadilishane. Sehemu ya tatu aliishonea ndani ya kitambaa cha mfuko wa unga, akampa Mzee Lutangilo aitunze mpaka tutakapoifikia.

Mzee Lutangilo alikuwa mtunza vyombo vya kanisa. Kengele aliipiga yeye, na kikombe cha Meza ya Bwana kilikaa katika sanduku lake. Kiingereza hakujua hata neno moja. Lakini ukimpa kitu akutunzie, ungeweza kusafiri miaka kumi ukarudi ukakikuta mahali pale pale, kimepanguswa vumbi.

Sehemu yangu ilianza katikati ya sentensi. Ilieleza miaka ya vita na miaka iliyofuata. Ilieleza jinsi vijana walivyokusanya watu vijijini nyakati za jioni, baada ya kazi za shamba. Mwanzoni nilifurahi, maana walisema habari za haki na za mtu mnyonge kupata ardhi. Lakini kadiri nilivyofunua kurasa, ndivyo mikutano ile ilivyobadilika. Wazee walisimamishwa mbele ya umati wakatukanwa. Jirani alimshtaki jirani. Makanisa yakafungwa. Nilisoma nikiwa nimejifunika blanketi kwa baridi, na nadhani nusu ya kutetemeka kwangu haikuwa baridi.

Nikiwa katika hali hiyo, barua ya Ambakisye ikafika. Maneno yake nayajua mpaka leo.

"Ndugu yangu, kitabu hiki kimenigeuza. Nimekata shauri kufanya kama vijana wale wa Uchina. Nimeshapata watu wazima wanane. Tunakutana jioni, nyuma ya shule, baada ya kazi za shamba. Usimwambie Mkaguzi kwanza. Nitamweleza mwenyewe watakapokuwa tayari."

Mwanangu, hebu isome barua hiyo ukiwa na sehemu yangu mkononi. Vijana wa Uchina. Jioni. Baada ya kazi za shamba. Usimwambie Mkaguzi. Tayari kwa nini? Mimi nilijua tayari kwa nini, maana nilikuwa nimesoma!

Sikumwandikia kumwuliza. Nilivaa koti, nikaenda moja kwa moja kwa Mkaguzi wa shule za misheni, nikamkabidhi barua ya rafiki yangu. Nilijiambia kwamba nalilinda kanisa. Na kwa kuwa nazungumza nawe mbele za Mungu, niongeze hili pia: sikuchukia kuonekana mwaminifu machoni pa Mkaguzi.

Mkaguzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa woga aliyebeba shule nyingi. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja.

"Serikali ikisikia habari hizi, watatufungia shule zote," akasema. "Nitamwita. Alhamisi atasimama mbele ya baraza la kanisa. Ikiwa ndivyo ilivyo, ualimu wake umekwisha, na nyumba ya shule ataiacha."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba mke wa Ambakisye alikuwa amejifungua mwezi ule ule. Nyumba ya shule ndiyo ilikuwa nyumba yao. Nilitaka kusema neno, lakini barua ilikuwa imeshaingia mfukoni mwa Mkaguzi.

Jumatano asubuhi nilikwenda kanisani kuomba. Nilitaka Mungu aniambie kwamba nimefanya vyema. Nikamkuta Mzee Lutangilo kwenye ngazi, anasugua vinara vya mishumaa kwa majivu.

"Kamwene, Mwalimu. Mbona umevaa uso wa msiba?"

Nikamweleza yote. Aliendelea kusugua. Nilipomaliza, akakiinua kinara kimoja kwenye mwanga, akakiangalia, akaniuliza bila kunitazama:

"Ambakisye anasoma sehemu ipi?"

"Ya kwanza, Mzee."

"Umeisoma?"

"Bado."

"Na ya mwisho?"

"Ya mwisho unayo wewe."

"Naam. Ninayo mimi. Hukuja kuiomba." Akaweka kinara chini. "Niambie, mwanangu. Mtu akija hapa Ijumaa Kuu, akasikia yote yaliyosomwa, akaondoka akaenda zake, Jumapili asirudi. Huko kwao atawaambia nini watu?"

Akachota majivu mengine kabla sijapata la kusema.

"Atawaambia kwamba Bwana alikufa, tukamzika, tukafunga mlango. Na hatasema uongo! Kila neno alilisikia kanisani. Ndivyo ulivyomfanyia mwenzako. Umemshika kwa katikati ya kitabu."

Nikaanza kujitetea kwamba barua ilikuwa ya siri, kwamba nyakati hizi ni za hatari. Akaniinulia mkono wenye majivu.

"Hatari ipo. Sikatai. Lakini basi la Mbeya litamleta leo saa tisa, na wewe una miguu." Aliingia ndani, akatoka na kile kifurushi cha kitambaa cha unga. "Bibi alisema nikitoe mkishamaliza zile mbili. Bibi hakujua kwamba mtu atataka kummaliza rafiki yake kwanza."

Maneno hayo yaliniingia, mwanangu. Yamekaa humu ndani mpaka sasa.

Basi lilichelewa. Nilisimama kando ya barabara, kifurushi kwapani, nikipanga maneno na kuyapangua. Ambakisye alishuka akiwa mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani mpaka viatuni, anacheka.

"Ndugu yangu! Mpaka umekuja kunipokea? Mkaguzi ameniita, hakusema kwa nini. Mke wangu anasema labda nimepandishwa cheo. Ndiyo?"

Nilimwambia palepale, kabla utingo hajamaliza kushusha mizigo. Nilisema mimi ndiye niliyepeleka barua. Kicheko kilimpotea usoni taratibu, nikakiona kinavyopotea. Akakaa juu ya mfuko wake wa safari.

"Wewe," akasema. "Ningeambiwa mtu mwingine, sawa. Wewe?" Akapangusa vumbi usoni. "Na mtoto tulikuwa tumempa jina lako. Sasa sijui."

Nilimwomba jambo moja tu, twende kwa Mzee Lutangilo tukasome. Alisimama, akabeba mfuko wake mwenyewe nilipotaka kumpokea, akatangulia njiani.

Katika jiko la Mzee, moto ukiwaka na viazi vikiiva, tuliviweka vipande vitatu sakafuni kwa mpangilio wake. Ambakisye akanifungulia sehemu ya kwanza, aliyokuja nayo tubadilishane, akaweka kidole.

"Vijana wangu ni hawa hapa. Soma."

Nikasoma. Ilikuwa habari ya miaka mingi kabla ya zile za kwangu. Vijana waliosoma mijini walikwenda kukaa vijijini na wakulima. Waliona kwamba maandishi ya Kichina ni maelfu kwa maelfu, mkulima hawezi kuyamaliza, basi wakachagua machache yanayotumika kila siku, wakawafundisha watu wazima nyakati za jioni, baada ya kazi za shamba. Ndiyo hivyo. Watu wanane wa Ambakisye walikuwa wanajifunza a, e, i, o, u.

Nilicheka na machozi yakanitoka kwa pamoja. Nikageukia sehemu ya tatu nikamtafsiria Mzee, maana sote tulitaka kujua ni vijana gani walioshinda, wa kwake au wa kwangu. Tukafika ukurasa wa mwisho. Mwandishi alisema kwamba aliondolewa nchini kabla hajaona mwisho wa mambo. Alisema watu aliowaandika bado wako hai, wanalima, wanagombana, wanaoana, na anamwomba msomaji asifikiri kwamba sasa anawajua.

Mzee Lutangilo aliacha kugeuza viazi.

"Hayo tu? Miezi yote hii nimemfungia sandukuni mtu anayesema hajui?"

Ambakisye akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu kituo cha basi, nami nikamshukuru Mungu kimoyomoyo.

"Lakini ni mtu mkweli," Mzee akaongeza, akampa Ambakisye kiazi kikubwa kuliko vyote.

Alhamisi mbele ya baraza niliomba niseme kwanza. Niliwaambia wazee kwamba barua niliileta mimi, na kwamba niliileta kabla ya kujua inazungumzia nini. Nikawasomea sehemu ile ya kwanza kwa Kiswahili. Mkaguzi hakubadilika uso. Ndipo Ambakisye akatoa kwenye Biblia yake karatasi iliyochanwa katika daftari, akaiweka mezani. Ilikuwa ya mjane mmoja katika wale wanane, na herufi zake zilikuwa kubwa kama za watoto, zinapanda na kushuka:

"Mimi Tusajigwe ninaandika mwenyewe. Nimesoma jina la mume wangu kwenye msalaba wake."

Mchungaji aliipokea, akampitishia mzee wa pili, naye wa tatu. Mwisho ikafika kwa Mkaguzi. Akavua miwani.

"Mwalimu Ambakisye, kwa nini hukuomba ruhusa?"

"Niliogopa wakishindwa, Bwana Mkaguzi, tutaaibika wote tisa."

Wazee wakacheka, hata Mchungaji. Mkaguzi akamkaripia kwa kufanya kazi bila idhini, akamkaripia kwa kirefu, maana ilikuwa desturi yake. Kisha akamwambia aendelee, na asiondoke bila boksi la chaki. Barua akanirudishia mimi, si Ambakisye. Nadhani alijua nani aliyehitaji kukaa nayo.

Bibi Elna aliporudi kutoka likizo alivishona vile vipande vitatu vikawa kitabu kimoja tena. Hakuwa na uzi mweupe, akatumia mwekundu, na mshono unaonekana waziwazi. Ambakisye hakuandika kwa miezi miwili. Nilistahili. Halafu ikaja barua fupi: "Yeremia mdogo ameota jino." Yeremia ni jina langu. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, kisha nikaenda kanisani nikapiga magoti, na safari hiyo sikumwomba Mungu aniambie lolote.

Mwanangu, wewe unasoma kuliko tulivyosoma sisi, na ninafurahi. Soma habari za Wachina na za mataifa mengine yote, maana ni watu wa Mungu kama sisi. Lakini ukiwa umeshika kipande, jua kwamba umeshika kipande. Jambo likikuogopesha, tafuta mwanzo wake, na mwisho wake ukaombe kwa anayeutunza. Na kabla ya kumpeleka mwenzako barazani, panda basi, nenda umwulize amefika ukurasa gani. Mimi ningeweza kuuliza kwa barua moja tu, nikanyamaza, na karibu mtoto mchanga akose paa.

Bwana akupe macho ya kusoma mpaka mwisho, na moyo wa kungoja pale ambapo mwisho haujaandikwa. Akujalie mzee wa kukukemea mapema, wakati basi halijafika. Na siku utakapokosea, kama nilivyokosea mimi, akujalie rafiki ambaye hatambadilisha mtoto wake jina.