Daftari la Milio ya Mwamba

Miaka michache kabla ya uhuru, kazi yangu ilikuwa kusikiliza mlima. Nikiwaambia wajukuu wangu wanacheka, lakini wallahi ndivyo ilivyokuwa. Huko Changamwe kampuni moja ilikuwa ikikata kilima ipate uwanja wa kujengea matangi ya mafuta. Mwamba wa pale ni wa matabaka. Mwingine mgumu, mwingine ukirowa maji unafikichika mkononi. Walivyozidi kukata chini, ndivyo ukuta wa juu ulivyozidi kutisha.

Mhandisi mmoja Mzungu, mtu wa maneno machache, alileta sanduku la kusikilizia. Alitoboa matundu mwambani, akatia ndani vidude vya chuma vyenye waya, na waya ukafika kwenye sanduku lile kibandani. Ukivaa visikizio kichwani, unasikia tik, tik, kama mtu anavunja vijiti vikavu chumba cha pili. Alinieleza kwamba jiwe huanza kupasuka ndani kabla jicho halijaona ufa. Alinichagua mimi kwa kuwa nilikuwa nimefanya kazi ya simu bandarini, nikazoea kutenga sauti na kelele. Kila baada ya muda mashine zilizimwa kidogo, nami nikahesabu milio na kuiandika daftarini.

Siku za kawaida milio haikuzidi vidole vya mkono mmoja. Kisha masika yakaingia, mhandisi akalazwa hospitali kwa malaria, na asubuhi moja milio ikaja mfululizo hata nikashindwa kuifuatisha kwa kalamu. Nikavua visikizio, nikaenda kwa msimamizi wa kazi, Mzungu mwingine, mwenye haraka.

"Bwana, ukuta unapasuka. Watoe watu."

Akatazama juu. "Mimi hapana ona kitu."

"Hauonekani. Unasikika."

"Wewe kazi yako andika. Basi, enda andika!"

Chini ya ukuta ule kulikuwa na watu wenye sururu na mitaimbo. Sikurudi kibandani. Nilimfuata nyapara wao, mzee wa Jomvu Kuu niliyemwita ami kwa vile alikuwa rafiki wa marehemu baba yangu.

"Shikamoo, ami. Watoe watu hapa."

"Marahaba. Kwani ukuta utaanguka lini?"

"Lini, sijui. Lakini umeanza kuachana ndani, hilo nimelisikia kwa masikio yangu."

Akawageukia watu wake, akapaza sauti: "Jamani, wekeni vyombo chini, tokeni!" Wakatoka wote.

Ukuta haukuanguka. Tulikaa ng'ambo ya pili tukiutazama, nao ukatutazama. Kijana mmoja wa bara akasema redio yangu inadanganya, wenziwe wakacheka. Msimamizi akaniita ofisini, akanisukumia daftari na kalamu. Alitaka nifute hesabu za asubuhi ile, niandike ndogo, nitie sahihi.

"Nilichosikia ndicho nilichoandika," nikamwambia. "Ukitaka uwongo, uandike kwa mkono wako mwenyewe."

Akanifukuza kazi papo hapo. Nilijua nikiliacha daftari litachanwa, basi nikalitia kwapani nikatoka. Askari wa langoni akaniuliza nimebeba nini.

"Daftari. Na silitoi. Nipige kama utanipiga."

Akafungua lango.

Nyumbani Chaani nilimkuta mke wangu akipepeta mchele.

"Umefukuzwa?"

"Nimefukuzwa."

"Ulikosa?"

"Sikukosa."

"Basi kaa, napika sasa hivi."

Kesho yake wale watu walikataa kuingia chini ya ukuta, hata aliyecheka. Nyapara alimwambia msimamizi, "Tangulia wewe, bwana, nasi tutakufuata." Hakutangulia. Siku ya tatu, jua likikaribia utosini, nikasikia mngurumo nikiwa barazani kwangu. Nikakimbia. Ukuta ulikuwa umeshuka wote, vumbi limetanda, troli zimefukiwa. Nyapara alikuwa akiwahesabu watu wake, akimaliza akianza tena, hali hakuna aliyekuwa ndani. Hakuumia hata mmoja. Msimamizi alisema ni mvua tu.

Mhandisi alipotoka hospitali alikuja kwangu, amekonda, kofia mkononi. Alisoma daftari amesimama mlangoni, karatasi baada ya karatasi, kisha akaniomba nirudi.

"Nitarudi," nikamwambia, "lakini anayesikiliza awe ndiye anayesimamisha kazi. Bila ya kumwomba mtu ruhusa."

Akaomba kalamu, akaliandika neno lile karatasini, akatia sahihi yake.

Msimamizi hakunisemesha tena. Mimi kila asubuhi nilimsalimu kwa makusudi, kwa Kiswahili kilichokamilika, nikamsubiri ajibu, nikapita zangu.

Mara ya kwanza nilipoitumia karatasi ile kusimamisha kazi, watu walikaa bure tangu asubuhi mpaka alasiri, na halikuanguka hata jiwe moja. Walinung'unika. Hata ami alinivuta kando akaniuliza kama sijuti.

"Sijuti," nikamjibu.

Wiki ile ile milio ikazidi, nikasimamisha kazi tena.