Shimo Nyuma ya Kaburi la Baba

Baba amezikwa nyuma ya nyumba yetu, upande wa Ilula, mahali alipopachagua mwenyewe kwa sababu kutoka pale aliliona shamba lake lote. Siku tunamzika hakukuwa na shimo. Lilikuja baadaye, mkandarasi wa barabara alipokodi shamba la jirani ili achimbe changarawe. Katapila likanguruma msimu mzima, malori yakapishana na vumbi lake, barabara ikatengenezwa, mkandarasi akahamisha mitambo. Shimo likabaki, na maji ya mvua yakatuama ndani yake.

Mimi naishi Mbeya, mtaa wa Soweto, nafundisha sekondari. Kila likizo nikienda nyumbani nilikuta ukingo umesogea. Mvua za huku hazina mzaha. Zikinyesha, udongo unameguka kama mkate uliolowa chai. Kwanza ulikwenda mparachichi, halafu ua wa matete, na mwaka jana nikakuta kati ya kaburi na shimo pamebaki njia ya mtu kupita akijibana. Sikushikwa na huzuni, nilishikwa na hasira, na mimi nikikasirika sijui kunyamaza.

Nikaanza kuwasumbua wakubwa. Mchimbaji akimaliza kazi anatakiwa afukie, alaze kingo zisibaki wima, arudishe udongo wa juu, apande nyasi na miti. Nani alihakikisha? Ofisi hii ilinituma ile, ile ikanirudisha hii. Nilipiga simu mpaka wakaizoea sauti yangu, kabla sijamaliza salamu naambiwa, "Mwalimu, suala lako linashughulikiwa." Mkaguzi wa kwanza alikuja kiangazi, akasimama mbali asichafue viatu, akasema kingo ziko imara. Kiangazi! Hata ukuta wa tope huwa imara kiangazi.

Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buti. Huyo alishuka hadi kwenye maji, akapima, akapanda huku anahema, akaenda moja kwa moja kaburini. Akamwambia mama, "Pole sana, mama. Tutalifanyia kazi." Nilitaka kumkumbatia mtoto wa watu. Akaitisha mkutano wa kijiji na kumwagiza mkandarasi amlete msimamizi wake, nami nikaomba ruhusa kazini ili nisikose.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, wanaume wazima wamejikunja kwenye madawati ya watoto. Nilikaa mbele, kichwa juu, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi. Mkaguzi alieleza kwamba shimo lazima lifukiwe. Msimamizi wa mkandarasi akasimama, mpole kupita kiasi.

"Tulipoanza kuchimba, udongo wa juu wote tuliulundika pembeni, kama tulivyoagizwa. Tulipoondoka tuliuacha palepale. Naomba kuuliza, ndugu zangu, uko wapi?"

Watu wakaanza kutazama viatu vyao. Kila mtu mle ndani alijua uko wapi: uliishia kwenye vitalu vya nyanya. Huku kwetu nyanya ndiyo ada, ndiyo bati, ndiyo harusi, na miche haitaki udongo uliochoka. Lundo zuri jeusi limekaa pembeni mwaka mzima halina mwenyewe, nani angeliacha? Walilichota kwa toroli na mikokoteni ya ng'ombe mpaka likaisha. Mama naye alichota, na miche yake ya mwaka ule ilisifiwa kijiji kizima.

"Udongo utatafutwa kwingine," mkaguzi akasema. "Wajibu wako haujaisha."

Hapo akasimama jirani yetu mmoja, mmoja wa waliombeba baba siku ya mazishi, akamsalimu kwa lugha ya kwetu. "Mtaalamu, kamwene. Mbona hamjatuuliza kama tunataka lifukiwe? Kiangazi maji ya kumwagilia tunavuta mlemle. Mkishalifukia, nyanya tumwagilie mate?"

Darasa zima likapiga makofi. Wengine wakadakia kwamba liachwe, liwe lambo la kijiji. Msimamizi wa mkandarasi alitabasamu waziwazi, maana kufukia ni kazi na kuacha si kazi. Nilimchukia, na majirani zangu pia nikawachukia, watu ambao nimekula kwao tangu utoto.

Mkaguzi alisubiri makofi yaishe. "Shimo likigeuzwa lambo, lazima kingo zilazwe, zisije zikaua watoto. Upande ule wa kaburi, kulaza ukingo maana yake ni kukata udongo hadi pale lilipo. Kaburi litabidi lihamishwe. Mama huyu akikataa, mimi sipitishi lambo. Litafukiwa."

Wote wakamgeukia mama. Moyo wangu ukatulia kwa mara ya kwanza siku ile. Kaburi lile mama hulifagia kila asubuhi kabla hajawasha moto, na sikuwahi kumwona akiruka siku. Nilijua atakataa.

Mama akasimama taratibu, akajifunga vizuri kanga yake. "Mimi sina neno," akasema. "Lambo libaki."

Njiani sikumwonea huruma. Nilimwambia nimehangaika ofisi kwa ofisi kwa ajili yake, kumbe nilikuwa najisumbua bure. Nilimwambia amemtoa baba sadaka kwa ajili ya nyanya za watu. Mama alitembea tu, akiitikia salamu za waliotupita, na wote siku hiyo walimsalimu kwa heshima ya pekee. Tulipofika uani akaketi kwenye kigoda, akavua viatu.

"Umemaliza?"

Niliegemea ukuta.

"Wewe kesho unapanda basi, unarudi Mbeya kwako. Mimi nabaki na hawa. Kiangazi nyanya zao zikikauka, watajua ni kwa sababu yangu. Nikiugua, nani atanibeba? Nikifa, nani atalichimba kaburi langu? Utachimba wewe?"

"Na baba je, mama?" Nikageukia kaburini. "Baba naye hana haki?"

Mama alinitazama, machozi yakimlengalenga, ila hakuyaruhusu yatoke.

"Baba yako walishamzika," akasema. "Bado mimi."