Mgeni Aliyeuliza Nani wa Mwisho

Sitaki unihurumie, na wala sikulazimishi uamini. Pasta wetu aliposikia habari hii alinipa maji ninywe, akaniuliza kama nilikuwa nimelala vizuri. Nililala vizuri. Ilikuwa saa tisa mchana, nilikuwa macho kama wewe ulivyo sasa, na nilimwona, nikaongea naye, nikamcheka.

Naishi juu kidogo ya Kaplong, katika boma la mume wangu. Yeye huendesha lori na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Mimi nimelelewa Kericho mjini, kwa wazazi wenye duka, na Kikipsigis changu ni cha kusalimia tu. Niliolewa hapa miaka mitatu iliyopita nikiwa na mtoto wangu, Faith, ambaye sasa ana miaka mitano. Chini yetu, hatua kama hamsini, ndiko kuna nyumba ya mama mkwe. Kati ya nyumba hizo mbili kuna majani chai na ng'ombe wawili.

Kazi yangu ni ya masikio. Watu wa nchi za mbali hunitumia mikutano na mahojiano yaliyorekodiwa, nami nasikiliza na kuandika kila neno. Kwa sababu hiyo nilivuta intaneti ya nyumbani, na kile kisanduku chake, router, kikakaa juu ya kabati yangu. Nyuma yake nilichomeka flash disk, nikaweka humo picha zote za boma, ili hata televisheni ya Mama kule chini iweze kuzifungua. Mama alifurahi mno. Alikuwa akikaa na kikombe chake cha chai akitazama picha za binti yake Chebet, aliyekwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba kabla sijaolewa. Mimi sikuwahi kukutana naye. Nilimjua kwa picha tu, msichana wa mashavu manene akiwa na sare ya shule.

Sasa sikia ubaya wangu. Chebet alikuwa akimpigia Mama simu ya video kila Jumapili na Jumatano, na simu hizo zikianza, kazi yangu inakwama. Mara mbili nilichelewa kupeleka kazi, nikafokewa. Je, sikuweza kuongea na Mama, mtu mzima na mtu mzima, tupange saa? Niliweza. Lakini nilikuwa nimemchoka, yeye na macho yake, na jinsi alivyomwita Faith "huyo mtoto ulikuja naye". Nikafungua ukurasa wa router. Kila simu na kila kompyuta iliyounganishwa imeandikwa pale, na kila moja unaipa kipaumbele unachotaka: juu, kati au chini. Kompyuta yangu nikaiweka juu. Televisheni nikaiacha katikati. Simu ya Mama nikaiweka chini kabisa, tena nikaipimia kiasi kidogo, kama mtu anayemwekea mbwa ugali. Ilinichukua dakika mbili, na nilisikia raha.

Wiki ile ile Mama akapanda kwangu, ameshika simu kwa mikono miwili.

"Mama Faith, hii network imekuwa mbaya. Chebet anasema kitu, nasikia vipande tu. Anasema mlango, halafu inakatika. Anasema maji, inakatika. Analia."

"Ni mvua, Mama. Itakuwa sawa."

Jua lilikuwa linawaka. Alinitazama kidogo, akasema asante, akashuka.

Kwa wiki tatu nilimsikia kule chini akipiga kelele, "Sema tena! Chebet, sema tena!" Mimi nilivaa earphone nikaendelea na kazi. Utaniuliza kama sikuona huruma. Niliona, kidogo, halafu nikaizoea.

Basi Jumatano moja ikashuka mvua ya mawe, ile ya kwetu inayopiga majani chai mpaka yanabaki vijiti. Faith alikuwa amelala chumbani. Mimi nilikuwa nimefungua ukurasa wa router kuhakikisha simu ya Mama iko chini, maana ilikuwa siku yake ya kupigiwa. Nikaona msichana mwembamba barazani, amejifunga ile aproni ya plastiki ya wachuma chai, leso imemfunika nusu ya uso. Nikajua ni mchumaji amekimbia mvua. Desturi ya huku ni kwamba mtu aliyenyeshewa hupewa chai kwanza, jina ataulizwa baadaye. Mimi sikumpa hata kiti. Aliingia mwenyewe akasimama nyuma yangu.

Hapo ndipo nilipaswa kumtazama vizuri. Mawe yalikuwa yakiruka hadi mlangoni, lakini plastiki yake ilikuwa kavu. Alivaa ndara nyeupe za kutembelea ndani ya nyumba, na hazikuwa na udongo mwekundu hata kidogo. Alinuka dawa ya kusafishia choo. Niamini, yote hayo niliyaona, na sikujiuliza lolote, kwa sababu kazi yangu ilitakiwa saa kumi na mbili.

"Hiyo ni nini?" akauliza.

"Ni ya network. Inaonyesha nani anapata kwanza."

"Na huyu wa mwisho ni nani?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Ni mathe wa hapo chini. Ako na msichana Uarabuni, kazi yake ni kupiga simu akilia. Nimemweka hapo wasinisumbue."

"Ukimpandisha, huyo msichana atasikika?"

"Saa hii hii. Ni kubonyeza tu."

"Si umpandishe basi. Kidogo tu."

"Wacha nimalize kazi kwanza. Kwani wewe inakuuma wapi?"

Aliinua mkono kuonyesha chumbani, na nikaona kwenye kifundo chake alama nyeusi, kama ya ng'ombe aliyefungwa kamba siku nyingi.

"Na huyo analala anaitwa nani?"

"Faith."

"Faith," akarudia polepole. Kisha akatoka.

Nilipogeuka kumwambia afunge mlango, baraza lilikuwa tupu. Mawe yalikuwa yameufunika uwanja wote, meupe, na hayakuwa na wayo hata mmoja. Nikarudi kwenye kompyuta. Juu yangu kabisa, pale nilipojiweka mimi, palikuwa na simu isiyo na jina. Nilijaribu kuishusha mara nne, ikakataa. Mara ya tano haikuwepo tena.

Asubuhi yake Mama alipigiwa simu na yule wakala aliyempeleka Chebet. Alisema Chebet ameanguka kwenye ngazi, na kwamba alikufa Jumatatu. Hesabu mwenyewe. Mgeni wangu alikuja Jumatano.

Jumamosi wanawake wa kijiji walijaa kwa Mama kumfariji. Mama akataka televisheni ifunguliwe waone picha za binti yake. Mwishoni mwa picha palikuwa na kitu ambacho hakuna mtu wa boma aliyekiweka kwenye ile flash. Mama akakibonyeza. Kioo kikawa cheusi, kukasikika mvua ya mawe, na kisha sauti ikiuliza, "Hiyo ni nini?"

"Huyo ni Chebet," Mama akasema. "Hiyo ni sauti ya Chebet!"

Halafu nyumba nzima ikanisikia mimi. Walisikia kicheko changu. Wakasikia nilivyomwita mathe wa hapo chini, na kwamba ni kubonyeza tu, na kwamba nimalize kazi kwanza. Mama akarudisha mwanzo. Alisikiliza mara tatu, mkono umefunika mdomo. Hakuna aliyenipiga, na wallahi natamani wangenipiga. Jioni ile niliipandisha simu ya Mama juu kabisa, nikaiondolea kipimo. Hakuna aliyempigia.

Lakini hayo siyo yaliyonifanya nikusimulie. Siku iliyofuata Faith aliamka akaja jikoni, akafungua mdomo, na nikasikia, "Ma... cha... si..." Nikadhani anacheza. Hakuwa anacheza. Ng'ombe namsikia, mvua naisikia, watu wa mbali wanaonitumia kazi nawasikia mpaka pumzi. Sauti ya mtoto wangu pekee ndiyo inayonijia vipande, hata akiwa juu ya mapaja yangu. Hospitali walinipima masikio wakasema ni mazima. Pasta alinipaka mafuta. Faith hajui kuandika, anajua herufi chache tu za jina lake. Siku hizi haniambii mambo mengi.

Wiki jana alirudi kutoka shule sare imechanika begani, analia. Akasimama mbele yangu akanieleza kwa kirefu. Nilipata "njia", nikapata "mkubwa", nikapata "akani". Nilipiga magoti nikamwomba arudie. Alirudia mpaka akachoka, akaniangalia, akakimbia kwa nyanya yake. Nilipofika, Mama alikuwa amempakata, anamfuta uso, anamsikiliza.

"Mama, nakuomba. Amesema nini? Ni nani amemfanya hivi?"

"Mimi nimemsikia," akasema. Akafunga mlango.

Nilikaa nje mpaka giza likaingia. Tangu siku hiyo Faith hulala kule chini, na ni Mama anayempeleka shule akiwa na fimbo mkononi. Nikiuliza, hanijibu.

Wewe uliye na kisanduku hicho nyumbani kwako, kifungue leo. Mtafute uliyemweka chini, umpandishe, hata kama humpendi, hata kama anakulilia masikioni kila siku. Kazi itachelewa na utafokewa. Fokewa. Mimi mpaka leo sijui ni nani aliyemshika mtoto wangu njiani.