Nguruwe Niliyemnunua Mpakani

Siku ninayoikumbuka zaidi, mwanangu, ni ile ambayo nguruwe wa mke mwenzangu alizaa vitoto kumi na mmoja. Mimi si mzee wa mvi, na shule niliiachia darasa la nane. Naandika polepole ili nisiruke mahali ninapopaonea aibu.

Nilikuwa nimeolewa hapa Sindo miezi michache tu, mke wa pili. Waliniita Nyar Karungu, binti wa Karungu, kwa sababu nilitoka huko Migori. Mke wa kwanza, Mama Otieno, ndiye aliyekuwa mikayi wa boma, na kwetu mikayi hutangulia: hupanda kwanza, huvuna kwanza. Hilo nililijua kabla ya kuolewa. Nisilolijua ni jinsi kifua kinavyowaka ukiwa umesimama mlangoni, majirani wanaipita nyumba yako bila hata salamu ndefu, wanakwenda kutazama vitoto vya nguruwe vya mwenzako. Mimi nilikuwa na jike mmoja, naye hakushika mimba. Kila kitoto kilipolia kule kwake, niliona kama kinanicheka.

Ningeweza kumwomba kimoja. Aibu ilinizuia, wivu ukanizuia zaidi. Nikaaga kwamba naenda Mbita kwa mjomba wangu, kumbe nakwenda soko moja karibu na mpaka, ambako tulikuwa tumekatazwa kununua nguruwe kwa sababu ya homa ya nguruwe. Nikarudi na dume mnene.

"Mjomba amenipa," nikasema.

Mama Otieno akamzunguka yule dume, akacheka. "Nyar Karungu, tumbo hili linalishinda hata la bwana wetu!"

Mimi sikucheka. Nilitaka aumie kidogo, kama nilivyoumia.

Dume huyo alikata kamba mara kwa mara akaenda kula kwenye hori la Mama Otieno. Nilimwona. Nilichelewa makusudi kumfukuza, maana nilipenda kumwona akimaliza chakula cha wale kumi na mmoja.

Wiki mbili hazikuisha, nguruwe wa Mama Otieno akakataa chakula. Masikio yakawa mekundu, akafa. Vitoto vikafuata, kisha wangu wote wawili. Mume wetu akamgeukia mikayi.

"Ni hayo makombo ya hoteli unayowalisha!"

"Nayachemsha, Baba Otieno. Miaka yote nayachemsha, na nyama ya nguruwe wangu ulikula ukilamba vidole."

"Basi hutafuga tena katika boma langu."

Nilikuwa hapo karibu nachambua omena, dagaa wetu wa ziwani. Niliendelea kuchambua, mwanangu. Na moyoni nilifurahi.

Daktari wa mifugo, dada mmoja mpole, alikuwa amechukua sampuli za nguruwe waliokufa na kuuliza kila mmoja wetu kama ameleta mnyama mgeni. Mimi nilimjibu kwamba dume alitoka kwa mjomba, Mbita, naye akaandika. Aliporudi alituketisha sote. Maabara haikuishia kusema kwamba ni homa ya nguruwe. Walisoma jeni za kirusi herufi kwa herufi, wakazilinganisha na za virusi vya kwingine.

"Virusi navyo vina ukoo kama watu," alisema. "Hiki si cha ukoo tuliozoea kuuona hapa ziwani. Kinafanana na kile kilichopatikana mpakani. Kesho naenda Mbita kwa huyo mjomba, nijue nguruwe wake walitoka wapi."

Mjomba wangu ni Msabato. Nguruwe hata kumgusa hamgusi. Nikamwona daktari akilini mwangu akiingia kwake mbele ya wazee wa kanisa, anauliza banda liko wapi.

"Usiende," nikasema. "Usiende. Dume nilimnunua mpakani."

Mume wetu akasimama. Mama Otieno akamshika mkono akamketisha, kisha akaniangalia.

"Siku ile mimi natukanwa hapa, nawe unachambua omena?"

Swali hilo nalibeba mpaka leo.

"Soko gani?" akauliza Mama Otieno. "Mtajie daktari, watu wengine wasinunue."

Nikalitaja. Hakunisemesha tena mpaka mahindi yalipokomaa, na siku aliponisemesha, aliniita nikamsaidie kujenga banda jipya la nguruwe, maana mume wetu alikuwa amemruhusu kufuga tena. Nilibeba miti tangu asubuhi.

Mwanangu, wivu utakuja tu. Usijione mbaya kwa kuuhisi. Ila usiuache ukuchagulie njia ya kwenda sokoni. Unapotamani kitu cha mwenzako, mwendee umwombe, hata kama sauti inatetemeka. Akikunyima, umepata jibu. Na anayetibu mifugo akikuuliza mnyama ametoka wapi, mwambie ukweli siku hiyo hiyo, kwa sababu uongo wako utakula katika hori la mtu mwingine.

Mungu akupe mifugo yenye afya. Na akianza kumpa mwenzako kabla yako, akupe pia miguu ya kwenda kumpongeza.