Fundi cherehani aliyemfungulia binti yake ukurasa

Saa mbili asubuhi, fundi wa kutengeneza cherehani ambaye mtaa mzima humwita Sikio ameinamia mashine, shavu karibu liguse chuma. Mteja wake, mama mshonaji, anakanyaga. Mashine inashona shwari kabisa.

"Haki ya Mungu, jana ilikuwa inalia!" mama analalamika.

"Mashine ikiona fundi inajitia adabu," Sikio anamjibu. "Niambie, inalia ikianza au ikishapata moto? Kwa kitambaa gani?"

Majibu anayaandika kwenye daftari, kila mashine na ukurasa wake. Kwa siku hutengeneza tatu au nne, na hujigamba kwamba nusu ya kazi humalizwa na maswali. Ndiyo maana bado anaona aibu anaposimulia habari za binti yake wa miaka mitatu.

Mtoto huyo alikohoa miezi minane. Chupa tano za dawa ya kikohozi zilikwisha. Mara tatu baba alimpeleka kliniki, na mara zote alisubiri kwanza pakuche vizuri, mtoto anywe uji, apumzike. Wakifika, binti anaruka juu ya benchi, kifua safi.

"Nesi akaniuliza, 'Baba, umeleta mgonjwa au mmekuja kututembelea?' Nikacheka, lakini moyoni naungua."

Mara ya tatu daktari wa watoto alimwuliza: anakohoa saa ngapi? Akifanya nini? Kifua hutoa sauti kama filimbi? Kuna mwenye pumu katika ukoo?

"Anakohoa kohoa tu," Sikio akababaika.

Jibu la swali la mwisho alilijua, akalimeza. Dada yake mkubwa ana pumu tangu utotoni. "Niliona nikilitaja hilo jina, nimelikaribisha nyumbani."

Njiani mkewe hakumung'unya maneno. "Mashine za watu baki unaziandikia ukurasa mzima. Mwanao unasema anakohoa kohoa tu?"

Maneno yalimchoma. Jioni ileile alimfungulia mtoto ukurasa. Kwa wiki tatu wazazi hao waliandika kila walichokiona: anakohoa alfajiri, akikimbia, nyumba ikifagiliwa, hana homa wala mafua. Asubuhi moja kifua kikaanza kupiga filimbi, na ngozi kati ya mbavu ikawa inavutwa ndani kila akivuta pumzi. Baba akambeba mbio kwenda kliniki, mama akirekodi kwa simu.

Huko alipewa dawa ya kuvuta kupitia chombo cha plastiki chenye barakoa ndogo. Pumzi ikatulia. Daktari akatazama video mara mbili, akasoma ukurasa wote.

"Leo ndiyo umeniletea mgonjwa," akasema.

Alieleza kwamba mtoto wa miaka mitatu bado hawezi kupuliza sawasawa kwenye kipimo cha pumzi. Kwa hiyo madaktari hutegemea habari za nyumbani, historia ya ukoo, na jinsi dawa inavyomsaidia. "Inaelekea ni pumu. Atumie dawa hii kila siku, tumtazame baada ya miezi miwili. Na mbavu zikivutwa ndani tena, msisubiri uji."

Hapo Sikio akataja habari za dada yake, na anasema alijiona ametua mzigo. Dada mwenyewe alipopigiwa simu alimcheka: "Kaka, pumu ninayo miaka thelathini, na kwenye ngazi bado nakuacha nyuma!"

Miezi miwili imepita. Kwa wiki tatu za mwisho ukurasa hauna kitu. Binti hujishikia barakoa mwenyewe na kumkaripia anayemharakisha. Daktari ameridhika, ingawa atamwita tena akifika miaka mitano au sita, apulize kipimo, wapate uhakika.

"Tutakwenda," anasema Sikio. "Kutojua ndiko kulikokuwa kunatumaliza."

Ananisogezea daftari. Mstari wa kwanza wa ukurasa ule una neno moja tu: *Akicheka.*

"Akicheka tu, kikohozi kinamkamata mpaka analia. Basi nyumba nzima tukaacha utani. Hata mimi, baba yake, nikawa napita pembeni yake uso umekunjwa, asije akacheka."

Anafuta macho kwa mgongo wa mkono, bila kujificha.

Namwuliza ana mpango gani Jumapili.

"Kazi nafunga," anasema. "Nashinda nyumbani, namchekesha binti yangu mpaka aombe nimwache."